Moto Hauna Shingo

Msyuuu! Kijana wa bodaboda anayeegesha hapa kijiweni kwetu, Mtaa wa Lumumba, kapata abiria, mgeni wa watu kutoka Singida. Mgeni kamwambia, "Nipeleke kwenye mnara wa mwenge." Kijana akapiga kiki, akachoma mafuta mpaka Mwenge. Mwenge ile ya wachonga vinyago! Mgeni kashuka, huku anaona vinyago, huku daladala, mnara haoni. Kalipa nauli ya kwenda, kalipa ya kurudi, na kitu chenyewe alikipa mgongo pale pale alipopandia: mnara mweupe, umesimama viwanja vya Mnazi Mmoja, juu umebeba mwenge.

"Sasa kosa langu liko wapi?" kijana anatuuliza, kachukia kweli. "Mimi nimezaliwa Ilala, nimesoma Ilala, ule mnara naupita kila siku ya Mungu. Nani alishawahi kunisimamisha akaniambia jina lake? Angesema Askari, ningemfikisha nimefumba macho."

Hapo mwalimu mstaafu akashusha kikombe cha kahawa. Mwalimu akishusha kikombe kabla hajamaliza, ujue leo mtachelewa nyumbani.

"Askari wa nani?"

"Askari si Askari, mwalimu? Pale Samora."

"Nakuuliza, wa nani?"

Mzee wa drafti, ambaye swali likipita mbele yake lazima alidake hata kama si lake, akajibu bila kuinua macho kwenye ubao. "Wa serikali."

"Serikali ipi?"

Basi, likaanza.

Na mimi niseme ukweli wangu. Nikilifikiria jambo hili nafyonya mpaka meno yanauma. Mji mzima wa Dar es Salaam unaelekezana kwa yule Askari. Shuka Askari, kata kushoto. Nisubiri Askari. Duka liko nyuma ya Askari. Na ukimsogelea ukamsoma, ni askari wa Mwingereza. Wa shaba nyeusi, kafinyangwa na Mwingereza mmoja, James Alexander Stevenson, kaletwa huku kwa meli, kazinduliwa mwaka 1927, miaka 34 kabla ya sisi kupandisha bendera yetu. Kashika bunduki yenye singe, mtutu kaulekeza bandarini. Ana ndugu zake Nairobi na Mombasa, nao wamewekwa kwa sababu hiyo hiyo: kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Mwingereza dhidi ya Mjerumani kati ya 1914 na 1918. Maneno ya Kiingereza pale chini aliyatunga Rudyard Kipling, yule mshairi wa dola. Sasa angalia barabara zinazompitia. Moja ya Samora Machel, aliyeshika bunduki kumtoa Mreno Msumbiji. Nyingine ya Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Wapigania uhuru wawili wazima, tumewapa zamu ya kumlinda askari wa King George!

"Ang'olewe basi," akasema fundi simu, koleo mkononi. Fundi simu kila kitu kwake ni kung'oa na kubandika kingine.

"Ang'olewe apelekwe wapi?" mwalimu akamrukia. "Kwani yeye ndiye wa kwanza? Kabla yake mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Mjerumani, aliyewapiga watu wa pwani hii wakati wa vita vya Abushiri. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakaiondoa. Ikasafirishwa Ulaya, ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Imekaa pale miaka na miaka, mpaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe, watoto wa nyumbani kwake, wakaifunga kamba wakaivuta chini."

"Kamba?"

"Kamba. Shingoni."

Kijana wa bodaboda akacheka sana. Mzee wa drafti hakucheka. Yeye kwa Askari ana neno lake, na ingawa mara nyingi mzee huyu hubisha ili mradi kabisha, siku ile alinigusa. Anasema babu yake alikuwa mpagazi katika vita ile. Si askari, mpagazi, mbeba mizigo. Na jamani, tuulizane, Kariakoo tunayouzia na kununulia kila siku imetoka wapi? Ni kambi ya wale wapagazi. Waingereza waliwakusanya watu kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, wakawatwisha masanduku ya risasi na magunia ya unga, wakawaambia twendeni. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi wao risasi hawakuiona. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na kwa kuchoka. Mjerumani naye upande wake alifanya vile vile, msidhani alikuwa na huruma.

"Sasa mkimng'oa yule," akasema mzee, kete kaishika hewani, "babu yangu mtamkumbukia wapi? Mna mahali pengine?"

Fundi simu akajifanya anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

Lakini ngoja, sijamaliza kufyonya. Maandishi ya pale kwa Askari yapo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mengine kwa herufi za Kiarabu, na yote yanawaahidi wale watu kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe hawatamsahau kwa jina. Nchi ipi? Wamechukuliwa na mkoloni mmoja kwenda kupigana na mkoloni mwingine, na aliyeshinda akakaa. Na hilo jina liko wapi? Zunguka lile jiwe pande zote nne, tafuta jina la mpagazi mmoja, la askari mmoja, Juma, Mabula, Mwakipesile, yeyote. Hakuna. Wameahidiwa majina, wakachongewa mtu mmoja ambaye si fulani wala si fulani, akawa wa wote. Umewaona hao? Deni la majina wamelipa kwa shaba.

Haya. Tuje kwetu.

Uhuru ulipofika, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilipandishwa kule Uwanja wa Taifa, Uwanja wa Uhuru wa leo, Shamba la Bibi, mbele ya Prince Philip aliyekuja kwa niaba ya Malkia. Usiku huo huo, juu kabisa ya Kilimanjaro, kulikuwa na kijana mmoja, Luteni Alexander Nyirenda, amepanda na mwenge na bendera. Nyerere alikuwa amelisema wazo hilo miaka miwili nyuma, mwaka 1959, ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, mbele ya wakoloni wenyewe: siku moja tutawasha moto juu ya ule mlima, umulike hata nje ya mipaka yetu. Aliposema hivyo nchi ilikuwa bado haijawa yake. Akaahidi moto katika nyumba aliyokuwa mpangaji.

Na Nyirenda alikuwa nani? Hapa ndipo mwalimu aliponifumbua macho, na kwa hili namheshimu, pamoja na kwamba ana deni la kahawa. Nyirenda alikuwa ofisa wa jeshi la KAR, yaani King's African Rifles, jeshi lile lile la askari wa mfalme, na siku ile ile ya uhuru kikosi cha KAR kilichokuwa hapa kikageuka kuwa Tanganyika Rifles. Kwa hiyo yule Askari wa Samora anayelekeza singe bandarini na yule kijana aliyepanda mlimani na mwenge wametoka jeshi moja! Mmoja kabaki pale pale alipowekwa na Mwingereza. Mwingine kapanda mlima na moto wa kwao. Hebu niambie, mwandishi gani wa sinema angeipanga vizuri zaidi? Na bado waongozaji wa watalii wanampitisha mzungu kwa Askari, anapiga picha, wanampeleka Kivukoni kula samaki, basi, Dar es Salaam imekwisha.

"Lakini mwalimu," kijana wa bodaboda akasema, na sauti sasa imelainika, "wangeweka sanamu ya mtu, si tungemjua? Wangemweka Mwalimu Nyerere pale Mnazi Mmoja na fimbo yake, nani angepotea njia?"

Swali zuri. Niliona hata mzee wa drafti kasahau zamu yake.

Mwalimu akauliza, "Unamjua Kwame Nkrumah?"

"Namsikia."

"Ghana walimchongea Nkrumah sanamu akiwa yu hai, akiwa madarakani, ikasimama Accra mbele ya jengo la bunge. Mwaka 1966 wanajeshi wakampindua. Unadhani watu walikwenda kupiga ngumi nini? Ukienda Accra leo, kwenye bustani ya kumbukumbu yake, ile sanamu ya zamani utaikuta. Kiwiliwili kiko peke yake, hakina kichwa. Kichwa wamekiweka pembeni, kwenye jiwe lake."

"Aisee!"

"Ndiyo hivyo. Sanamu ya mtu ina shingo. Moto hauna shingo, utaufunga wapi kamba?"

Hapo nilimwomba muuza kahawa amwongeze mwalimu kikombe, kwa hesabu yangu.

Kwa sababu ni kweli. Tanganyika ilipotaka kitu cha kusimamisha kwa ajili ya uhuru wake, haikumsimamisha mtu. Imesimamisha moto. Moto huo huo umechorwa kwenye ngao ya taifa. Arusha nako wameusimamisha, mnara wa 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha. Nyerere mwenyewe sanamu zake zimekuja baadaye sana, nyingine hata si hapa nyumbani. Ile ya Addis Ababa, kwenye makao ya Umoja wa Afrika, imezinduliwa juzi juzi tu, 2024, yeye keshalala Butiama robo karne. Mtu aliyekuwa na nchi nzima mkononi, na uwanja mkubwa katikati ya mji, na mafundi wa kutosha kutoka nchi za kirafiki ambao wangemchongea hata mlima, akaacha paitwe pa moto. Mimi si mtu wa kusifia viongozi, wanaonijua kijiweni wanajua ulimi wangu, lakini hilo nampa.

Tatizo la moto ni moja tu. Hauna sura. Mtu huwezi kusimama nao mkapiga picha mkafanana. Hauelekezi njia. Hauna hadithi ya uchumba, wala watoto, wala fimbo. Ukiuacha bila kuusimulia unakuwa nguzo nyeupe yenye kitu juu, na kijana aliyezaliwa Ilala anaupita kila siku akiwahi foleni. Mkoloni alituachia sanamu yenye maandishi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sisi tumejiachia moto, tukategemea kila mzazi amsimulie mtoto. Wazazi wenyewe ndio sisi. Tuko kijiweni tunacheza drafti!

Halafu kuna kile kiwanja chenyewe. Aah, hapa nisipoteremka vizuri nitajilaumu.

Watu mnapita Mnazi Mmoja mnaona uwazi mkasema, mji gani huu unaacha eneo kubwa hivi katikati bila kujenga? Uwazi ule si wa bahati. Wajerumani ndio walioanza kuuchora na Waingereza wakaukamilisha, wakabomoa na nyumba za watu ili ukanda ubaki mtupu. Upande wa baharini wakae Wazungu. Nyuma yao Wahindi na maduka yao. Halafu uwazi. Halafu, ng'ambo ya uwazi, Mwafrika na Kariakoo yake na Ilala yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, ati malaria isivuke kutoka kwa Mwafrika kwenda kwa Mzungu. Mbu akifika ukingo wa Mnazi Mmoja anaona hapana nyumba, anageuza! Nyie, mtu akitaka kukubagua hakosi daktari wa kumsainia.

Basi wamekaa na uwazi wao. Sasa ukishawaachia watu uwanja mpana, mlangoni kwa wanyonge wa mji mzima, unategemea watautumiaje? TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, hapa hapa Mtaa wa Lumumba, enzi hizo ukiitwa New Street, hatua chache kutoka kwenye huo uwazi. Machi 1955 Nyerere anatoka New York kwenye Umoja wa Mataifa, amekwenda kudai nchi, anarudi, watu wanakusanyika wapi kumsikiliza? Mnazi Mmoja. Ukanda uliotengenezwa ili Mwafrika asisogee ukawa sebule yake ya kukutania. Ile ya "mtatengana hapa" ikageuka "tukutane hapa". Mimi kwa maoni yangu mnara ni wa kuonyesha mahali tu. Uhuru wenyewe ulifanyiwa kazi kwenye zile nyasi, watu wamekaa chini, wengine wamesimama juu ya baiskeli. Ndiyo maana moto wa kwenye mnara uko pale na si ufukweni kwa wakubwa.

Soma na majina ya barabara. Zimeuzingira uwanja, na kwangu zinazungumza kuliko kitabu. Uhuru, zamani ikiitwa Kichwele. Lumumba, jina la yule kijana wa Kongo aliyeuawa Januari 1961, mwaka ule ule wetu, ambaye Desemba yetu hakuiona. Na upande wa pili, Bibi Titi Mohamed.

"Hapo sasa umefika," akasema mama wa vitumbua. Muda wote huo alikuwa kimya anageuza vitumbua vyake, na sisi kwa ujinga wetu tulidhani hasikilizi.

Mama wa vitumbua mama yake mzazi alikuwa mcheza lelemama. Anasema nyie wanaume mkikaa hapa mnataja Nyerere, mnataja Nkrumah, mnataja Mjerumani mmoja baada ya mwingine, na uwanja wa Mnazi Mmoja nani aliujaza? Wanawake wa ngoma. Vile vikundi vya lelemama vilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake, taarifa zake za mtaa hadi mtaa, tayari kabla TANU haijajua kuandika kadi. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa ngoma. Alipoingia TANU hakuja peke yake, alikuja na wanawake wa mji mzima nyuma yake. Chama chenye watu wa suruali na miwani kikapata miguu.

"Na malipo yake?" mama akauliza, mwiko kauelekeza kwetu kama bunduki ya Askari. Kimya. Tunajua sote. Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa, akakaa ndani mpaka 1972 alipoachiwa kwa msamaha. Baadaye nchi ikakumbuka, ikampa barabara. Ninapopita Barabara ya Bibi Titi na foleni yake ile ya jioni, magari yanapiga honi, yanatukanana, hayasogei, najisemea, bibi wa watu hata barabarani hapumziki.

Mzanzibari wetu anayeuza saa alitaka kuingiza la kwake, kwamba uhuru wenyewe ni wa Tanganyika, nchi iliyoishi miaka miwili na miezi mitano kasoro, tangu Desemba 1961 mpaka Aprili 1964, na leo hata jina lake kulitaja kwenye sherehe watu wanaona haya, wanasema Tanzania Bara. Na kwamba kwao wao nao wana Mnazi Mmoja yao, na mnara wao mkubwa pale Michenzani, wa Mapinduzi, usiochanganya mtu. Tukamwambia suala hilo lina kijiwe chake na siku yake. Likianza hilo, drafti haimaliziki na watu wanarudi nyumbani bila kuagana.

Fundi simu yeye alikuwa anataka hela. Nani anatunza mnara? Hela ya Desemba inakwenda wapi? Nikamkumbusha mwaka 2015, Magufuli kaingia madarakani hajamaliza hata mwezi mzuri, kafuta sherehe za tarehe 9 Desemba, kawaambia watu wachukue mifagio wafanye usafi, na zile bilioni 4 za sherehe akaagiza zikapanue barabara ya Mwenge hadi Morocco.

"Mwenge?" kijana wa bodaboda akadakia. "Si ndiyo kule nilikompeleka yule jamaa? Basi nilimpeleka kwenye mnara wa Uhuru kweli! Hela ya Uhuru iko kule, imelazwa chini, nimeikanyaga kwa tairi."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Dogo akiamua kubisha ana akili. Na mwaka 2022 Rais Samia naye alizifuta sherehe, milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nani atapinga bweni la mtoto? Mimi sipingi. Ila nasema tu, na hapa nafyonya kwa sauti ya chini kwa sababu ya jirani zetu, kwamba sherehe ikifutwa mara kwa mara, hata kwa sababu nzuri, watu wanasahau kwamba kulikuwa na sherehe. Siku ya Mashujaa nayo, ile ya Julai 25, ilikuwa ikifanyika Mnazi Mmoja, rais anaweka mkuki na ngao, mizinga, gwaride, sisi tumepanda juu ya ukuta tunachungulia. Mwaka 2016 ikafanyika Dodoma, na siku hizo hizo ikatangazwa serikali nayo ihamie huko. Sawa, makao makuu ni makao makuu. Lakini kijana wa leo asiulizwe mnara ni wa nini, kwani amewahi kumwona nani akiuinamia?

"Mwenge si unakimbizwa?" akasema muuza kahawa. "Kila wilaya unafika. Tangu 1964."

Unakimbizwa, ndiyo. Na hapo ndipo kijiwe kilipogawanyika vipande. Fundi simu anasema ule wa kukimbizwa uwekwe makumbusho, una gharama, na kila ukija kuna karatasi ya michango inatangulia. Mzee wa drafti anasema bila mwenge barabara ya kijijini kwao isingechongwa, maana greda linaonekana siku mbili kabla ya mwenge na halionekani tena mpaka mwenge mwingine. "Sasa mzee," nikamwambia, "huo si utetezi, hayo ni mashtaka." Akasema yote mawili, mradi greda lije. Mama wa vitumbua anasema yeye akiwa mtoto wa shule alisimamishwa juani kuusubiri tangu asubuhi, ulipofika ukapita mbio, akaona moshi. Mimi moto wangu ninaoutaka ni ule wa Mnazi Mmoja, umetulia, haudai mchango, haumsimamishi mtoto juani. Umekaa mahali ambapo kazi ilifanyika. Mapungufu yake ni kwamba hakuna anayeusemea.

Basi mwalimu akaleta hoja. Akasema pale chini ya mnara, au kando yake, liwekwe jiwe refu, si la mtu mmoja. La majina. Yule wa Samora aliahidiwa majina hakupewa. Sisi tuwe na adabu zaidi ya Kipling. Wacheza lelemama waandikwe, waliouza kadi za TANU milango kwa milango waandikwe, waliotoa nyumba zao kuwa ofisi waandikwe, na wapagazi wa Kariakoo nao wapate jiwe lao, maana walilazwa pale pale.

Tukaona wazo limekaa vizuri. Muuza kahawa akatoa kalamu, fundi simu akachana boksi la simu tupate mahali pa kuandikia.

"Anza na baba yangu," akasema mzee wa drafti.

Baba yake alifanya nini?

"Alihudhuria mikutano yote."

"Hata mama yangu alihudhuria," akasema mama wa vitumbua, "tena na mtoto mgongoni. Baba yako alibeba nini?"

Mzee akasema baba yake alikuwa na baiskeli, na wazungumzaji wa mkutano walikuwa wakiipanda. Mzanzibari akauliza kama baiskeli nayo inaandikwa. Mwalimu akasema tuanze kwa alfabeti. Fundi simu akasema kwa alfabeti Bibi Titi atakaa wapi, kwenye B au kwenye T au kwenye M? Na boksi lenyewe dogo. Kijana wa bodaboda akapata abiria wa Buguruni, akaondoka, na kalamu ya muuza kahawa akaondoka nayo.